Injini ya 240Z imenoki: kuifungua, kuibadilisha au kuiacha?

SWALI

Wataalamu, shikamooni. Nina Datsun 240Z ya mwaka 1972, usukani kulia, niliyoachiwa na marehemu baba. Mwezi uliopita nilikuwa natoka Lindi kurudi Mtwara. Nilipopita Mnazi Mmoja mshale wa joto ukapanda hadi mwisho. Nikasimama, nikaomba ndoo ya maji ya kisima, nikajaza rejeta, nikaendelea mdogo mdogo. Kabla sijafika Mikindani injini ikaanza kugonga kwa chini, ko-ko-ko, na mshale wa oil ukalala. Nikazima, nikavutwa kwa kamba hadi nyumbani. Sasa nina mafundi watatu na majibu matatu. Mmoja anasema ni metali tu, yaani beringi za krenki, siku mbili gari iko barabarani. Wa pili anataka ovahoo nzima, injini yote ifunguliwe na kufungwa upya. Wa tatu ana injini ya Nissan Patrol ya zamani, anasema inakaa bila kuchomelea kitu. Hela ya korosho nimeitenga, ila sitaki kuitoa mara mbili. Nishike la nani?

Msomaji, Shangani, Mtwara

JIBU

Marahaba. Bado usishike la yeyote, maana katika hao watatu hakuna aliyepima kitu. L24, yaani injini ya 240Z yako, iliyochemka kisha ikanoki (ikagonga ndani) inaweza kuwa na ugonjwa wa metali mbili tu, na inaweza kuwa chuma chakavu; kwa nje zote zinalia ko-ko-ko. Kinachoamua ni vitu vitatu, kwa mpangilio huu: bloku (mwili wa injini wenye silinda), krenki (mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni), hedi (kichwa chenye valvu). Vilivyobaki, yaani pistoni, ringi, cheni na wota pampu, vinanunulika. Kwa hiyo fedha ya kwanza kutoka mfukoni iwe ya kufungua na kupima peke yake. Patana hivyo na fundi tangu mwanzo: analipwa kufungua, kusafisha, kupima na kuandika vipimo kwenye karatasi, halafu ndipo mkae kuzungumza habari ya kufunga. Fundi anayekataa mpango huo ameshakuonyesha atakavyofanya kazi.

Na usiiwashe tena, hata sekunde kumi ili fundi wa nne asikie mlio. Kugonga kwa chini huku mshale wa oil umelala maana yake metali ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) imelegea na inaitwanga krenki kila mzunguko. Krenki ambayo leo ingepona kwa kuchongwa milimita 0.25, kesho itadai 0.75 au haitafaa kabisa. Hata kipimo cha kompresheni, ambacho kila gereji hukikimbilia, kwako hakina haraka: kinazungusha krenki iliyoumia, na hedi utaitoa tu.

Oil imwage injini ikiwa imelala usiku kucha. Legeza boliti ya sampu, bakuli la oil chini ya injini, taratibu. Maji ni mazito kuliko oil, kwa hiyo yakiwemo yatatangulia kutoka yenyewe. Oil iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa inasema hilo hilo: gasketi ya hedi imeungua, au hedi imepinda. Kisha fungua filta. Kopo lake usilikate kwa msumeno wa chuma, kwani unga wa msumeno utaingia ndani na hutajua upi wa msumeno na upi wa injini. Tumia kifungulia makopo. Kunjua karatasi ya filta juu ya sinia safi, pitisha sumaku. Kinachodakwa na sumaku ni chuma, kimetoka kwenye ringi, krenki au rota za oil pampu. Kinachobaki kikimeta kijivu ni ngozi ya juu ya metali. Ukiona rangi ya shaba, metali imeliwa hadi tabaka la chini na krenki imeanza kuguswa. Vipande vyepesi vyeupe vyenye kingo, ambavyo sumaku haivitaki, huwa ni aluminiamu ya pistoni.

Injini ikishatoka, kabla ya kulegeza kofia yoyote ya konrodi hakikisha kila kofia na konrodi yake vina namba moja na vinatazama upande mmoja. Kofia zikichanganyika, tundu la konrodi halirudi kuwa duara. Ukikuta metali imezunguka ndani ya konrodi, ulimi wake umekatika na mgongo wake unang'aa, konrodi hiyo nayo ipelekwe kupimwa tundu. Hapa ndipo "metali tu, siku mbili" inapoangukia: metali mpya ndani ya tundu lililopanuka itazunguka tena kabla mwezi haujaisha. Kuna hila nyingine ya mtaani, kuchomeka kipande cha kopo la soda nyuma ya metali ili ibane. Bati hilo linazuia joto kutoka, na linaweza kuziba njia ya oil. Ukiliona linakatwa, chukua gari lako uondoke.

Krenki ya L24 ina shingo saba za meini (zinazokaa kwenye bloku) na sita za konrodi. Zikiwa nzima, za meini husoma milimita 54.942 hadi 54.955, na za konrodi 49.961 hadi 49.974. Kila shingo ipimwe kwa maikromita, si kwa venia, sehemu mbili na pande mbili, uone kama imekuwa yai au imekonda upande mmoja. Kuchongwa kunakwenda kwa hatua, 0.25 kisha 0.50, kufuata saizi za metali zinazouzwa. Uliza kwanza kama metali hizo zinapatikana ndipo uchonge. Mwambie mkerezaji aache mviringo pembeni mwa kila shingo kama ulivyokuwa. Akiichonga kona kali, ufa huanzia hapo na krenki hukatika. Nyufa zilizopo tayari unaweza kuzitafuta bila mashine ya gharama: osha krenki kwa mafuta ya taa, ifute ikauke kabisa, ipake unga wa chaki, subiri. Penye ufa mafuta ya taa hutoka yenyewe na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Njia hiyo hiyo inafaa kwa hedi, kati ya viti vya valvu.

Bloku ni ya chuma na haifi kirahisi, isipokuwa konrodi imetoboa ubavu. Bado haijatoboa, maana ulizima. Silinda mpya ni milimita 83.00 hadi 83.05. Ipimwe kwa geji ya tundu juu, katikati na chini, kila mahali mara mbili, sambamba na krenki na kukingama. Iliyoliwa kupita 0.20 ichongwe. Hatua za kawaida za pistoni ni 0.50 na 1.00, na utaratibu hapa hauna mjadala: pistoni kwanza, kuchonga baadaye. Pistoni zikae mezani mwa mkerezaji, azipime moja moja, kisha achonge kila silinda kuacha nafasi ya 0.025 hadi 0.045 kwa pistoni yake. Wengi wamechonga hadi 84 kwa kuamini pistoni ziko njiani, zikaja za 83.5.

Hedi ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi kwako, kwa sababu ya ile ndoo. Ni aluminiamu iliyofungwa juu ya chuma. Ikichemka inataka kutanuka, boliti 14 zinaizuia, inapinda kama ndizi. Kuimwagia maji baridi katika hali hiyo ni kuomba ufa. Weka rula ya chuma kwa urefu, kwa upana na kwa mishazari yote miwili, pitisha fila geji (bati nyembamba za kupimia nafasi): ikipita 0.10 hedi imepinda. Kisha ondoa roka zote (vidole vinavyosukuma valvu) na ujaribu kuizungusha kamshafti, mhimili unaozisukuma roka, kwa mkono. Ikizunguka laini, pinda ni dogo na kukwangua chini kunatosha. Ikikwama, minara inayoshika kamshafti imepinda pamoja na hedi, na kukwangua chini hakutainyoosha. Hedi hiyo inyooshwe kwa joto kwanza na mtu anayeijua kazi hiyo, vinginevyo tafuta nyingine. Minara yenyewe isihamishwe wala kubadilishana nafasi, maana matundu yake yalitobolewa yakiwa yamefungwa kwenye hedi hiyo hiyo. Kumbuka pia kwamba kila ukikwangua, kamshafti inashuka karibu na krenki, cheni inapata ulegevu na valvu zinachelewa. Ndiyo sababu gia ya kamshafti ina matundu matatu yenye namba: ukikwangua sana unahama kutoka tundu namba 1 kwenda 2.

Sasa la kuamua. Ikiwa silinda zinasafika ndani ya 84, krenki inasafika ndani ya 0.50 na hedi haina ufa, funga injini hii upya, ovahoo kamili, na asikuyumbishe mtu. Gari hili lina jina huku kwetu: 240Z ndiyo iliyoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Mnunuzi anayelijua atainama kusoma namba iliyogongwa ubavu wa kulia wa bloku, kwa nyuma, chini kidogo ya hedi, ailinganishe na kibati kilicho ndani ya boneti na kadi ya gari. Zikilingana, bei ni nyingine.

Ikiwa krenki pekee ndiyo imekufa, tafuta krenki nyingine ya L24. Usikubali ya L28, injini kubwa zaidi ya jamii hiyo hiyo, kwa hoja kwamba "zinafanana". Ya L24 ina mwendo wa milimita 73.7, ya L28 ni 79. Ukiifunga na konrodi na pistoni zako, pistoni zitatokeza juu ya bloku kwa zaidi ya milimita 2 na kuipiga hedi.

Fundi wa tatu hakudanganyi. Patrol za petroli za miaka ya 1980 zilikuja na L28 ya cc 2753, ndugu wa damu wa L24 yako ya cc 2393, na inakaa. Lakini injini ya Patrol iliyokaa nje miaka mingi nayo ifunguliwe na kupimwa vile vile, kwa hiyo usiihesabu kuwa njia ya mkato. Sampu na mnyonyo wa oil tumia vya gari lako. Hedi yako ya L24 usiihamishie kwenye L28 bila mahesabu: chumba chake cha moto ni kidogo, kompresheni itapanda na petroli ya kawaida itaanza kupiga makelele kwenye mlima wa kwanza. Na kadi ya gari ina namba ya injini, hivyo mabadiliko hayo lazima yafike TRA, la sivyo siku ya kuuza ndiyo utakayoanza kuhangaika. Sisi tungeichukua L28 kwa hali moja tu, bloku yako ikiwa imepasuka au imetoboka. Hata hapo bloku yenye namba isiende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ihifadhi.

Ukifika hatua ya kufunga, mambo machache ndiyo yanayoharibu kazi nzuri. Mapito ya oil ndani ya krenki yazibuliwe kwa brashi nyembamba, mafuta ya taa na upepo wa kompresa, kwani unga wa metali iliyokufa umejificha humo ukisubiri metali mpya. Nafasi ya metali ipimwe kwa uzi wa plastiki wa kupimia, meini 0.020 hadi 0.062, konrodi 0.025 hadi 0.055. Kisha mhimili wa oil pampu, ambao ndio pia unaozungusha distributa: silinda namba 1 ikiwa juu kabisa kwenye kompresheni, ulimi wake, ukiutazama kwa juu, usimame kama mikono ya saa 5 na dakika 25, yaani mmoja kwenye 11 na mwingine kwenye 5, upande mwembamba ukielekea mbele. Ukikosea jino moja, distributa haitafika kwenye taimingi hata uizungushe mpaka mwisho, na mafundi watahangaika na kabureta wiki nzima. Valvu zipangwe injini ikiwa baridi, 0.20 za kuingiza na 0.25 za kutolea moshi, halafu zirudiwe ikipata moto.

Ikiwaka, isikae sailensa, yaani isiachwe ingurume bila kukanyagwa mafuta. Ishike kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika 20 ili kamshafti na roka zizoeane zikiwa na oil ya kutosha, huku mtu mmoja hatoi jicho kwenye mshale wa oil na mwingine kwenye joto. Baada ya hapo Mtwara hadi Mikindani na kurudi, mara kadhaa, bila kupita mizunguko 3,500. Mwaga oil hiyo mapema, kwenye kilomita 500, na ukate filta tena.

Yote haya ni bure ikiwa kilichoichemsha bado kimo. Rejeta ifumuliwe na kusafishwa matundu, themostati mpya, vizibo vya bloku vyote vipya. Na maji ya visima vya pwani yetu, yenye chumvi, yasiingie tena humo. Yanakula aluminiamu na kuacha magadi kwenye rejeta. Tumia maji ya mvua uliyoyakinga safi au ya betri, nusu kwa nusu na kulenti (dawa ya rejeta).

Kwa mwenye L24 iliyochemka tu, bila kunoki: huyo ndiye aanze na kompresheni. Silinda iliyo nzima husoma karibu psi 170 hadi 185, na silinda dhaifu kuliko zote isishuke chini ya asilimia 80 ya kali kuliko zote. Mbili zilizo jirani zikishuka pamoja, ni gasketi. Kabla ya kutoa gia ya kamshafti chonga kabari ya mninga, ndefu kama sentimita 25, ifunge uzi, igongomee chini katikati ya pande mbili za cheni. Bila kabari, tenshena (kikaza cheni) inaruka na utalazimika kufungua kava lote la mbele. Na usisahau boliti mbili ndogo za mbele zinazoshika hedi na kava hilo. Wanaozisahau huchokonoa hedi kwa bisibisi hadi kava linapasuka.

SWALI

Nina MGB ya 1969. Kila baada ya muda mfupi valvu za kutolea moshi zinakosa nafasi, nikizipanga zinarudi kubana. Fundi anasema hedi imechoka nitupe. Ni kweli?

Msomaji, Nachingwea

JIBU

Haijachoka, inazama. Hedi ya MGB ni ya chuma, na viti vya valvu vilichongwa humo humo wakati petroli ikiwa na risasi, ambayo ilikuwa inavilinda. Kuanzia 2006 petroli ya risasi imeondoka karibu Afrika yote kusini mwa Sahara. Bila risasi, valvu ya kutolea moshi inakula kiti chake na kupanda ndani ya hedi; ndiyo maana nafasi inapungua badala ya kuongezeka. Ikikwisha kabisa valvu haifungi, inaungua.

Hedi isitupwe. Mkerezaji achonge mahali pa viti vinne vya kutolea moshi na kupachika pete za chuma kigumu, kisha valvu zisagwe zikalie humo. Za kuingiza ziache, hazina shida hiyo. Wakati hedi iko nje badilisha na gaidi za valvu (mirija inayoziongoza) kama valvu inacheza ubavuni, maana kupachika pete juu ya gaidi iliyochoka ni kazi bure. Mpaka upate nafasi ya kufanya hivyo, pima kila kilomita 1,000 (inchi 0.015 injini ikiwa baridi) na usiikimbize muda mrefu kwa mwendo wa juu.

SWALI

Injini yangu imefunguliwa, nasubiri pistoni kutoka nje na zinaweza kuchukua miezi. Nyumba iko karibu na bahari. Niihifadhi vipi?

Msomaji, Lindi mjini

JIBU

Upepo wa chumvi unachora kutu kwenye silinda iliyochongwa kwa usiku mmoja, na kutu ya hapo haifutiki kwa kitambaa. Silinda zioshwe kwa maji ya moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe, zikaushwe kwa upepo, na dakika hiyo hiyo zipakwe oil nzito kwa mkono. Petroli haifai kwa kuosha. Inaacha unga wa jiwe la kunolea kwenye vinyweleo vya chuma. Nyuso zote zilizokwanguliwa zipake grisi. Bloku iingie kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa, iwekwe juu ya mbao, isiguse sakafu ya saruji.

Krenki isilazwe. Isimamishe wima kwenye kona na kuifunga kwa kamba isianguke, shingo zote zikiwa na grisi na kuzungushiwa nailoni. Ikilazwa miezi kwenye ncha mbili tu inaweza kupinda, na anayekuja kuifunga atakuta inabana kwenye meini ya nne. Roka na vipedi vyake vipange kwenye trei ya mayai yenye namba, kila kimoja na mwenzake kilichokuwa juu ya valvu moja. Kila mwisho wa mwezi fungua nailoni, tazama, paka tena.